Mlango wa Kwanza na Mlango wa Pili

Hotuba kwa wachungaji, masheikh, wazee na akina mama wa jumuiya zinazosali kwa Kiswahili nchini Marekani

Bwana Yesu asifiwe. Assalaam alaykum. Wachungaji wetu, masheikh, wazee, mama zetu, vijana wa kwaya na wa madrasa, nyote kwa nafasi zenu, itifaki imezingatiwa.

Mtu wetu akianza kuugua akili, hospitali huwa ya mwisho kujua. Anayejua kwanza ni mke, mume au mama. Anayefuata ni mchungaji au sheikh. Mgonjwa anangoja ibada iishe, watu wakisalimiana mlangoni, ndipo anasogea na kusema, "Baba, niombee, silali." Au, "Mama mchungaji, moyo unanidunda kama mtu aliyekimbia." Ni nadra aseme ana sonona, ugonjwa wa huzuni nzito isiyoondoka. Atasema ana presha, vidonda vya tumbo vimeamka, kichwa kinagonga, mgongo unawaka moto, mawazo yamekuwa mengi. Ameshapimwa tumbo mara mbili na hakukuonekana kidonda. Huo ndio mlango wa kwanza, na ni wenu. Hakuna kliniki itakayowapokonya, kwa sababu mgonjwa ndiye aliyeuchagua. Tumekuja kuzungumzia mlango wa pili: lini mumpeleke kwa daktari wa akili, kwa njia gani, na kwa nini wengi wetu tunafika pale tukiwa tumechelewa.

Tuanze na rangi, maana hapa ugenini huwezi kuiacha nje.

Mtu aliyezaliwa Uvira, Kigoma au Mombasa hakukua akijiita mtu Mweusi. Alikuwa Mbembe, Muha au Mdigo, Mkatoliki au Muislamu, mtoto wa fulani wa kijiji fulani. Anashuka uwanja wa ndege wa Marekani, na karatasi ya kwanza ya kliniki inamtaka atie alama kwenye kisanduku cha rangi. Siku hiyo amerithi historia ambayo babu yake hakuiishi, na historia hiyo itaamua jinsi anavyotazamwa dukani, shuleni, barabarani usiku, na kwenye chumba cha daktari. Mwanawe aliyeletwa hapa na umri wa miaka mitatu atairithi mara mbili. Nyumbani anaambiwa, "Wewe si kama wale, wewe ni Mwafrika." Shuleni hakuna anayemuuliza tofauti hiyo. Kijana wa namna hii hukosa pa kukaa moyoni mwake, na mzazi anayemtenga na Weusi wenzake akidhani anamlinda humwongezea upweke. Tunawasihi wazazi waiache kauli hiyo.

Sasa historia yenyewe. Sensa ya Marekani ya 1840 ilitangaza kwamba Weusi walio huru kaskazini wana wazimu mara nyingi zaidi kuliko walio utumwani kusini. Watetezi wa utumwa wakaishikilia: mmeona, uhuru unawatia wazimu. Takwimu zilipokaguliwa, ikaonekana kuna miji iliyoandikiwa vichaa Weusi ilhali haikuwa na mkazi Mweusi hata mmoja. James McCune Smith, Mmarekani Mweusi wa kwanza kupata shahada ya udaktari, ambaye ilimbidi aisomee Glasgow kwa sababu vyuo vya kwao vilimkataa, aliichambua sensa hiyo mwaka 1844 na kuonyesha uongo wake. Haikusahihishwa. Mwaka 1851 daktari mmoja wa Louisiana, Samuel Cartwright, akaandika kwamba mtumwa anayetoroka ana maradhi ya akili. Akayapa jina la kitabibu, drapetomania, na miongoni mwa tiba alizozitaja ni viboko.

Msidhani hayo yaliishia huku Marekani. J. C. Carothers, aliyeiongoza hospitali ya akili ya Mathari, Nairobi, wakati wa ukoloni, aliandika kitabu kilichotolewa na Shirika la Afya Duniani mwaka 1953. Humo alimfananisha Mwafrika wa kawaida na Mzungu aliyepasuliwa sehemu ya mbele ya ubongo, akadai pia kwamba sonona ni nadra kwa Waafrika. Mwaka uliofuata akaiandikia serikali ya kikoloni ripoti juu ya saikolojia ya Mau Mau. Watu waliodai ardhi yao wakaelezwa kama wagonjwa.

Na kuna Tuskegee, Alabama. Tangu 1932 hadi 1972 idara ya afya ya serikali ya Marekani iliwafuatilia wanaume Weusi wapatao 600. Kati yao, 399 walikuwa na kaswende. Hawakuambiwa ukweli wa ugonjwa wao, na penisilini ilipokuja kuwa tiba inayojulikana wakanyimwa, ili madaktari waone mwisho wa ugonjwa.

Kwa hiyo Mmarekani Mweusi akisema haamini hospitali, msimwite mjinga, na msimhubirie kana kwamba imani yake kwa daktari ni jambo analodaiwa. Imani hiyo ilivunjwa na watu wanaojulikana kwa majina, na hairudi kwa kuambiwa. Inarudi kwa kusindikizwa, na hapo ndipo nyumba ya ibada ina nguvu ambayo kliniki haina.

Uzito huo upo hadi leo, kwa sura nyingine. Katika hospitali za Marekani, Mweusi huandikiwa skizofrenia, ugonjwa wa kusikia sauti na kuamini mambo yasiyokuwepo, mara nyingi kuliko Mzungu, na sonona yake hupitwa bila kuonekana. Uingereza, Weusi hulazwa kwa nguvu ya sheria ya afya ya akili zaidi ya mara tatu ya Wazungu. Sababu ni nyingi, na kuchelewa kufika ni mojawapo. Lakini mojawapo pia ni sikio la anayesikiliza, na hapo lugha yetu inaingia.

Mama wa Kiswahili anaulizwa na daktari kama anasikia sauti ambazo wengine hawazisikii. Anajibu, "Ndiyo, Mungu aliniambia nivumilie." Au, "Marehemu mama alinijia, akanikataza nisihame." Kwetu maneno hayo yana maana inayoeleweka: alisali akapata amani moyoni, au aliota. Mkalimani akiyapeleka neno kwa neno, kwenye faili inaandikwa kwamba mgonjwa anasikia sauti na kuona wafu. Kutoka hapo hadi dawa nzito za skizofrenia ni hatua moja. Mgonjwa aliyekwenda na huzuni anarudi na jina lisilo lake, mate yanamtoka, amelegea, na jirani wakimwona wanasema, "Mnaona hospitali zinavyofanya?" Tena Kiswahili chenyewe si kimoja. Mtu wa Bukavu akisema "roho inaniuma" anazungumzia moyo wake na huzuni yake, naye mkalimani wa Tanga anaweza kufikiri ni jambo la pepo au la uhasama.

Kwa hiyo, kabla ya miadi, kaeni na mgonjwa nusu saa. Mwulizeni: sauti hiyo uliisikia kwa masikio, kama mimi ninavyosema sasa, au moyoni? Ulikuwa macho au usingizini? Ilikuja mara moja au inakuja kila siku? Inakusifu, inakutukana, au inakuamuru? Majibu yaandikwe kwenye karatasi, mgonjwa aende nayo. Mwambieni pia kwamba ana haki ya mkalimani bila malipo. Hospitali inayopokea fedha za serikali kuu inabanwa na Sheria ya Haki za Kiraia ya 1964 kumhudumia katika lugha anayoielewa. Aseme "Kiswahili cha Kongo" au "Kiswahili cha Tanzania" tangu anapoweka miadi, si anapofika. Na kamwe mtoto asifanywe mkalimani. Binti wa miaka 12 hataitafsiri sentensi ya mama yake, "natamani kufa." Ataibadilisha, na hakuna haki ya kumlaumu. Tangu 2013, mwongozo wa uchunguzi wanaoutumia madaktari wa akili wa Marekani una maswali 16 ya kumwuliza mgonjwa yeye mwenyewe anauelewaje ugonjwa wake, anadhani umetoka wapi, na dini yake inausemaje. Mgonjwa anaweza kuomba aulizwe maswali hayo. Wengi hawajui kama yapo.

Kuhusu imani yenyewe, tusijitetee kana kwamba tumeshtakiwa. Watu Weusi wa nchi hii walipofungiwa milango ya hospitali, benki na shule, kanisa lilikuwa yote hayo. Mwaka 1787 Richard Allen na Absalom Jones walianzisha huko Philadelphia chama cha Waafrika huru, kikachangisha fedha kwa ajili ya wagonjwa, wajane na yatima. Homa ya manjano ilipolipuka mjini mwaka 1793, daktari mashuhuri Benjamin Rush aliamini kwamba mwili wa Mweusi haushikwi na homa ile, akawaomba wasaidie. Wakauguza, wakabeba maiti, wakazika. Weusi nao wakafa kwa wingi, kwa kuwa homa haikujua rangi. Ule uongo kwamba mwili wetu hauumii haujafa. Umegeuka sifa. Mama Mweusi ni chuma. Mwanamume halii. Jikaze. Mungu hampi mtu mzigo asioweza kuubeba. Ndugu wachungaji, maneno hayo yakisemwa mimbarini, kuna mtu kwenye viti vya nyuma anayeamua siku hiyo kwamba hatazungumza tena.

Someni upya habari za Eliya katika Wafalme wa Kwanza, sura ya 19. Nabii amekaa chini ya mretemu, ameomba afe. Malaika hakuanza kwa kumkemea wala kwa kumhoji imani yake. Alimwacha alale, akamwamsha ale mkate uliookwa juu ya makaa na anywe maji, akamwacha alale tena, akamlisha mara ya pili. Mazungumzo na Mungu yalikuja baadaye, baada ya safari ndefu. Usingizi, chakula, maji, halafu maneno. Daktari wa akili yeyote angeukubali mpangilio huo. Katoliki wana Yoshua bin Sira sura ya 38, inayotaka tabibu aheshimiwe kwa kuwa naye ameumbwa na Bwana. Waislamu wanajua Hadithi ya Mtume, rehema na amani zimshukie, kwamba Mwenyezi Mungu hakuteremsha ugonjwa ila ameuteremshia dawa. Hatuhitaji kuazima ruhusa ya kwenda hospitali kutoka nje ya dini zetu.

Sasa kazi yenyewe. Mtu amekuja, amesema halali. Mketisheni mahali ambapo watu wanawaona lakini hawawasikii. Msianze kuomba papo hapo, maana maombi yakianza mapema hufunga mazungumzo: mtu atasema amina na kwenda zake. Mwulizeni hali ya wiki mbili zilizopita. Usingizi: analala saa ngapi, anaamka saa ngapi, akiamka usiku anaweza kulala tena? Chakula kina ladha? Yale aliyoyafurahia, kwaya, mpira, kusuka, bado anayataka? Anaweza kufuatilia mahubiri hadi mwisho, au akili inatangatanga? Anajiona hana faida? Anafanya kazi yake kama kawaida?

Kuna fomu ya maswali tisa ya kupima sonona, inayoitwa PHQ-9, na ya Kiswahili ipo. Kila swali lina alama 0 hadi 3, jumla kuu ni 27. Alama 5 hadi 9 ni hali nyepesi, ya kuangaliwa na kurudiwa baada ya wiki mbili. Alama 10 na kuendelea, apelekwe kwa daktari. Alama 20 na zaidi, ni wiki hii hii. Swali la tisa linauliza kuhusu mawazo ya kufa au kujidhuru, na jibu lolote lisilo 0 linataka mazungumzo siku ile ile, hata kama jumla yake ni ndogo. Kosa tunaloliona mara nyingi ni kiongozi kumsomea mtu maswali mbele ya mume au mkwe. Majibu yote yanakuwa 0.

Juu ya kujiua, semeni neno lenyewe. "Je, unafikiria kujiua?" Kuuliza hakumpandikizii mtu wazo hilo. Kunampa nafasi ya kulitua. Usiulize kwa namna inayodai jibu la hapana, kama "Hufikirii mambo ya kijinga, sivyo?" Akisema ndiyo, mwulize kwa nini, mwulize kwa njia gani, na kama anayo hiyo njia nyumbani. Kisha ondoeni: bunduki itoke nyumbani au ifungiwe, risasi zikae mbali nayo, vidonge vikabidhiwe mtu mwingine vigawiwe vya siku chache. Hatari kali mara nyingi hupita kwa saa chache, na anayezuiwa saa hizo wengi wao huishi. Asiachwe peke yake. Pigeni 988, namba ya taifa ya msaada kwa walio katika hatari ya kujiua, iliyoanza kazi Julai 2022, na muombe mkalimani.

Msiogope kwamba mtu atafungwa jela. Wengi tumekulia chini ya sheria zinazomshtaki aliyejaribu kujiua, tukajifunza kuficha. Hata Kenya, Januari 2025, Mahakama Kuu ilitamka kwamba kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu, kinachomshtaki aliyejaribu kujiua, kinakwenda kinyume cha katiba. Hapa hapelekwi mahakamani, anapelekwa kutibiwa. Na vijana wetu wamo hatarini: kati ya 2018 na 2021, vifo vya kujiua miongoni mwa vijana Weusi wa Marekani wa miaka 10 hadi 24 viliongezeka kwa zaidi ya theluthi moja. Aliyejiua azikwe kama wengine, aombewe kama wengine. Mnapowanyima wafiwa mazishi ya heshima, mnawafunza watoto waliobaki wasiseme.

Swali tunaloulizwa kila mahali ni la pepo. Nitajuaje kama hili ni jini au ni ugonjwa? Hatutaingia katika itikadi ya mtu. Tunasema tu kwamba zipo dalili ambazo, ziwe zimetoka wapi, zinataka daktari. Mtu analala muda wa saa mbili au tatu tu kwa usiku, siku nne, tano mfululizo, na hachoki, anaongea haraka kama maji ya mfereji, ana mipango mikubwa, anatumia fedha zote. Sauti zinamwamuru ajidhuru au amdhuru mtoto. Mama aliyejifungua ndani ya wiki mbili zilizopita, amebadilika ghafla, anasema mtoto si wake au amebadilishwa. Huyo ni wa dharura, ni leo, maana maisha ya wawili yamo hatarini. Homa pamoja na kuchanganyikiwa, au mzee aliyechanganyikiwa ndani ya siku moja, ni wa dharura pia, kwani yaweza kuwa maambukizi au kiharusi. Na kifafa ni kifafa. Mlazeni ubavu, msimtie kijiko mdomoni, msimshike kwa nguvu. Kikipita dakika 5, pigeni 911, namba ya dharura.

Kipimo kingine kinachofaa waumini: uzoefu wa kiroho mara nyingi wenzake wa dini ile ile huutambua, una mwisho, na baadaye mtu anarudi kazini kwake akiwa mtulivu zaidi. Ugonjwa humtenga na hata wenzake wa maombi. Mama mwombaji mkongwe atawaambia, "Huyu haombi kama sisi." Msikilizeni mama huyo.

Hapa lazima tuseme jambo la sadaka. Mtu aliyekuwa mtoaji wa kawaida akaja ghafla na akiba yake yote, au ufunguo wa gari, halali, anasema Mungu amemwagiza, msiipokee. Iwekeni kando kwa jina lake, iteni familia, mpelekeni akaonwe. Akipona, akiwa bado anataka kutoa, atatoa. Kuitunza fedha ya mgonjwa aliyekuwa kileleni mwa mania, ile hali ya kutolala na msisimko uliozidi, kama baraka ya kanisa ni dhuluma, hata kama aliyeipokea hakujua.

Mkesha na mfungo vinahitaji uangalifu mkubwa kuliko tunavyovipa. Kukosa usingizi usiku mmoja kunaweza kuchochea kifafa, na kwa mwenye ugonjwa wa mihemko miwili, unaompandisha mtu kwenye mania na kumshusha kwenye sonona, kunaweza kumfungulia mania. Huyo asali mchana. Kufunga kavu, bila maji, ni hatari kwa anayetumia lithium, dawa ya ugonjwa huo. Maji yakipungua mwilini, dawa hiyo hupanda katika damu, na nafasi kati ya kipimo kinachotibu na kinachodhuru ni finyu: kwa kawaida daktari hulenga 0.6 hadi 1.0 mmol kwa lita ya damu. Mikono ikitetemeka kwa nguvu, akitapika, akiharisha, akipepesuka, akiongea kama mlevi, ni hospitali mara moja, wala si ishara kwamba pepo linatoka. Vidonge vya maumivu kama ibuprofen huipandisha pia. Zipo na dawa zinazotaka chakula tumboni ndipo zifyonzwe vizuri, kama lurasidone na ziprasidone, na anayezimeza kavu alfajiri hapati nguvu yake yote. Mgonjwa wa Kiislamu anayetaka kufunga Ramadhani azungumze na daktari wiki kadhaa kabla, wabadilishe saa za dawa, na akiambiwa asifunge akumbushwe kwamba ruhusa ya mgonjwa imo ndani ya Qur'ani yenyewe, sura ya Al-Baqara. Hajaachiwa kitu na daktari, ameachiwa na Mola wake.

Kuhusu ushuhuda wa "nimetupa dawa," elezeni saa za dawa zilivyo. Vidonge vya sonona huanza na kichefuchefu na kichwa katika siku za kwanza, ilhali nafuu ya moyo hukawia wiki nne hadi sita. Kwa hiyo wiki ya pili mtu ameona ubaya wote na hajaona wema, ndipo wengi huacha. Wanaovumilia, mwezi wa tatu wako vizuri, wanasema wamepona, wanatupa. Madaktari hushauri kuendelea angalau miezi sita baada ya kupata nafuu. Ukiacha ghafla huja kizunguzungu, hasira, usingizi kukatika, na kama shoti ya umeme kichwani. Huko si kurudi kwa pepo, ni mwili kunyimwa dawa kwa ghafla, na hutulia dawa ikipunguzwa polepole na daktari. Dawa za skizofrenia zina mtego wao: mtu akiziacha anaweza kukaa wiki nyingi akiwa mzima, na uzima huo ukahesabiwa kwa maombi ya Jumapili ile. Ugonjwa ukirudi baada ya miezi, hakuna anayekumbuka siku dawa ziliachwa. Ushuhuda upokelewe kwa furaha, na mchungaji aongeze mimbarini, kwa sauti inayosikika, "Dawa endelea nazo mpaka daktari aseme."

Si kila mzito wa moyo anahitaji vidonge. Harare, tangu 2006, Daktari Dixon Chibanda na mabibi wa jamii walianza kuwakalisha watu kwenye benchi la mbao nje ya kliniki. Waliita ugonjwa kwa jina lake la Kishona, kufungisisa, kuwaza kupita kiasi, neno ambalo Mswahili analielewa bila kufafanuliwa. Bibi humsikiliza mtu hadi mwisho, pamoja wanaorodhesha matatizo yake yote, anachagua moja tu, wanatafuta njia ndogo inayowezekana kabla ya kikao kijacho, anarudi kueleza imekwendaje. Vikao ni sita. Mwaka 2016 utafiti uliofanywa kwa watu 573 ulionyesha waliokaa na mabibi walipata nafuu kubwa kuliko waliopata huduma ya kawaida. Mpango huo umefika Zanzibar pia. Mama zetu mlio hapa, kazi hii mnaijua. Kinachowatofautisha na mabibi wa Harare ni mambo mawili: wale walifundishwa kutotoa ushauri haraka, na wana mtu wa kumpigia simu mgonjwa anapowazidi.

Ikitokea dharura ya nguvu nyumbani, 988 kwanza ikiwa hakuna anayeumizwa. Ikibidi 911, kumbukeni kwamba askari anakuja, na mtu wetu ni Mweusi, huenda haelewi amri za Kiingereza. Semeni mwanzo kabisa: ni mgonjwa wa akili, hana silaha kama kweli hana, anazungumza Kiswahili, tunaomba askari wa CIT. Hao ni askari waliofundishwa kushughulika na wagonjwa wa akili. Mpango huo ulianzia Memphis mwaka 1988, baada ya polisi kumuua kijana Mweusi aliyekuwa mgonjwa. Mtu mmoja akawapokee nje, mikono ikionekana. Taa za ndani ziwashwe, visu vya jikoni viondolewe, watoto wapelekwe chumba kingine.

Akitoka hospitali, siku zile za kwanza ndizo zenye hatari kubwa ya kujiua, na ndizo tunazomwacha peke yake kwa aibu. Aliyepasuliwa tumbo anapelekewa uji, ndizi, kuku, watu wanapishana mlangoni. Aliyetoka wodi ya akili hapati mgeni. Nendeni ndani ya siku saba, watu wawili, si kumi. Pelekeni chakula kile kile ambacho mngempelekea yule mwingine. Msimwulize kilichompata. Mwulizeni dawa alizonazo zinatosha siku ngapi, miadi ijayo ni lini na saa ngapi, na nani atampeleka. Kama hakuna gari, mtu mmoja kati yenu aandike siku hiyo kwenye simu yake, palepale, akiwa bado amekaa naye.